Jamleck Mathenge, Aliyewaonyesha Wengine Chui

Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Bwana Jamleck Mathenge atalirudisha gari namba saba ofisini kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia kampuni yetu ya Bonde Pana Safaris kwa miaka thelathini na mmoja na miezi tisa, na ndiye dereva wa kwanza katika kampuni hii kustaafu akiwa bado anaendesha. Waliomtangulia waliondoka kwa sababu ya mgongo, au macho, au kampuni nyingine. Yeye anaondoka kwa sababu ametimiza miaka sitini, na kanuni ni kanuni.

Meneja wetu, Bwana Kiprotich, ameniomba niandike habari zake kwa ajili ya jarida hili. Nadhani alinichagua kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika redio ya ofisi. Kwa miaka kumi na tisa nimesikia sauti ya Mzee Jamleck mara nyingi kuliko sauti ya mtu yeyote, ndugu zangu wakiwemo. Sina ufundi wa kuandika kwa madaha. Nitaeleza niliyoyasikia na niliyoyaona.

Mzee Jamleck alizaliwa Bahati mwaka 1965, mtoto wa nne wa wakulima wa viazi na mahindi. Kabla ya kuja kwetu aliendesha lori la maziwa kati ya Molo na Nakuru kwa miaka sita. Anasema lori lile ndilo lililomfundisha kuendesha taratibu, maana ukikanyaga breki vibaya maziwa yanageuka siagi kabla hujafika Njoro. Alipokuja kuomba kazi Oktoba 1993, mkuu wa wakati huo alimwuliza kama anawajua wanyama. Alijibu kwamba anawajua ng'ombe. Aliajiriwa kwa sababu ya leseni yake, si kwa sababu ya jibu hilo.

Wageni wake wa kwanza walikuwa walimu wawili wastaafu waliopenda ndege. Walipomwuliza jina la ndege mmoja mdogo wa rangi ya udongo, aliwaambia kwa heshima zote kwamba huyo bado hajapewa jina. Jioni walimwonyesha jina lake kitabuni. Mzee Jamleck aliazima kitabu kile kwenye kabati la ofisi akakaa nacho miezi minane. Ulipokuja mtihani wa waongoza watalii, alishika nafasi ya kwanza. Hadi leo anamwonea haya yule ndege.

Wageni wetu wengi huja kutafuta picha za wanyama wawindaji, na mbuga ya Nakuru si mahali rahisi kwa kazi hiyo. Si uwanda mpana ambapo unamwona simba kutoka mbali. Hapa migunga imesongamana, nyasi ni ndefu, na chui anaweza kuwa hatua kumi kutoka barabarani usimwone. Madereva wengi huzima injini wakishamwona mnyama. Mzee Jamleck alizima kabla, akasikiliza. Tumbili wakikoroma kwa namna fulani, au swala wakasimama wote wakitazama upande mmoja, alijua kuna nini na kinaelekea wapi. Kisha alisogeza gari, na mgeni asiyemjua alishangaa kwa nini anaegeshwa mbele ya kichaka kitupu. Baada ya muda mnyama alitokea hapo hapo, na jua lilikuwa nyuma ya kamera kama linavyotakiwa kuwa. Kwa mgeni aliyekuwa na haraka ya kubonyeza alikuwa na maneno mawili tu: "Ngoja akuangalie." Wapiga picha wakubwa wameniandikia kutoka kwao kusema kwamba maneno hayo yaliwafaa kuliko lenzi mpya.

Jambo jingine ambalo wafanyakazi wapya huenda hawalijui ni asili ya ile mifuko ya maharagwe tunayoweka madirishani ili wapiga picha waegemeze lenzi zao. Yote ilishonwa na mke wa Mzee Jamleck, Wariara. Alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba kule Bondeni, na cherehani moja ya kurekebisha nguo za wateja. Mumewe alimweleza kwamba mikono ya wageni inatetemeka kwa uzito wa lenzi, naye akakata suruali kuukuu ya dengrizi, akajaza maharagwe, akashona. Mfuko wa kwanza ulitupendeza sana. Tukaagiza mingine kwa magari yote. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kama hicho ni chakula cha dharura, na Mzee Jamleck akamwambia ndiyo, lakini cha baada ya wiki mbili.

Utani wake haukuwahi kumuudhi mtu. Kuna bwana mmoja aliyemchukua uwanja wa ndege Nairobi, na njiani wakasimama Kikopey kula nyama choma. Yule bwana alizipenda mbavu zilizokuwa juu ya makaa akazipiga picha kutoka kila upande, akampiga picha na mchinjaji, na kisu, na kachumbari. Kesho yake simba dume akapanda juu ya mti mbele yao, na kamera ikakataa kwa kuwa imejaa. Mzee Jamleck alimpa pole, akamwambia kwamba simba hana kinyongo, maana hata yeye angeichagua ile nyama ya mbuzi.

Mgeni aliyemjua zaidi ni Travis, mpiga picha kutoka Kanada. Mara ya kwanza alikuja mwaka 2009 kumtafuta chui mmoja jike wa upande wa maporomoko ya Makalia, ambaye madereva wote walimtambua kwa sikio la kushoto lililochanika. Walimtafuta siku nane bila kumwona. Siku ya tisa wakamwona mkia tu, akiburuta swala kichakani. Travis akataka gari litoke barabarani, lizunguke kichaka. Mzee Jamleck akakataa. Alimweleza kwamba yule chui akisumbuliwa ataacha chakula chake, na pengine ana watoto wanaosubiri. Travis alipozidi kushikilia, Mzee alichomoa ufunguo akautia mfukoni mwa shati. Walikaa kwa saa mbili, kila mtu akitazama upande wake. Halafu chui akatoka mwenyewe, akapanda gogo lililoanguka, akakaa, akaiangalia kamera. Travis alirudi Kenya mara tano baada ya hapo, na kila mara aliomba gari namba saba.

Mwaka 2018 alimletea Mzee zawadi: picha ile ya chui juu ya gogo, imechapwa kubwa na kutiwa fremu. Waliipeleka pamoja hadi nyumbani kwa Mzee, Lanet, wakaitundika sebuleni. Mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Wariara alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu, akamshukuru mgeni, akamkaribisha chai. Mgeni alipoondoka akamwambia mumewe, "Hii ni karatasi, Baba Kabiru. Mimi nataka kumwona akipepesa macho."

Wariara hakuwa amewahi kuingia mbugani. Najua kuna msomaji atakayeshangaa, lakini mkazi wa Nakuru hatashangaa. Mbuga iko hapo, tunaona migunga yake tukiwa mjini, na wengi wetu hatujaingia. Mwanzoni watoto walikuwa wadogo. Kisha kibanda cha Bondeni kikawa kinataka Jumamosi zote, na kanisa Jumapili zote, na siku za ofu za Mzee, yaani za mapumziko, ziliishia juu ya paa la nyumba au shambani Bahati. Aliahidi kumpeleka, na hakuwa akidanganya. Waliizungumzia mbuga kama watu wanavyoizungumzia nyumba ya jirani, kwamba ipo tu na siku moja utabisha hodi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa mtu mwingine ashike kalamu.

Jumamosi ya tarehe 16 Februari 2019, dereva wetu mmoja aliamka na homa kali. Kulikuwa na wageni wanne wapiga picha waliokuwa wameshafika hotelini, wakingoja gari. Mzee Jamleck alikuwa ofu. Nilimpigia simu saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nikamweleza. Aliniuliza kama hakuna mwingine. Nilimwambia hakuna. Akasema, "Sawa."

Asubuhi hiyo kila kitu kilikwenda kwa namna ambayo dereva huipata labda mara mbili maishani. Saa mbili na robo redio ikaita. Yule chui wa sikio lililochanika, ambaye wakati huo alikuwa mzee na hakuwa ameonekana kwa miezi, alikuwa amelala juu ya gogo kando ya barabara ya Makalia, na watoto wawili wakicheza na mkia wake. Hakujificha. Walikaa naye dakika arobaini. Redioni Mzee aliniambia, "Jelagat, yuko wazi kabisa, na watoto wawili. Kama kuna mtu yeyote anaweza kuja, aje."

Nilimjibu kwamba magari yetu yote yako upande wa pili wa ziwa, hakuna atakayewahi. Kisha akasema sawa. Nilidhani anawafikiria madereva wenzake, na nikaandika kwenye daftari la siku kwamba gari namba saba limempata chui na watoto. Wale wageni waliondoka Kenya wakiwa na picha ambazo baadaye zilitusaidia sana kupata wageni wengine.

Jumamosi iliyofuata Wariara alikuwa na harusi ya mpwa wake Gilgil. Jumatano baada ya harusi, tarehe 27, alianguka kibandani kwake akiwa anahudumia mteja. Shinikizo la damu. Hakufika hospitali akiwa hai. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Ni kwenye mazishi, Bahati, ndipo nilipojua. Chepkemei, mama aliyeuza viatu kwenye kibanda cha pili na ambaye alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, alikaa karibu nami. Hakujua mimi ni nani. Akaniambia kwamba wiki mbili kabla, Wariara alimwachia kibanda Jumamosi nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa sababu mumewe alikuwa anampeleka kumwona chui. Alikuwa amekaanga chapati tangu alfajiri na kuvaa viatu vya kanisani. Simu ilipoita alivivua, akamwambia mumewe aende, wageni wametoka mbali, chui hahami. Saa nne akaja sokoni na zile chapati akawagawia wenzake.

Mzee Jamleck alirudi kazini baada ya wiki mbili. Aliendesha vilevile, akazima injini vilevile. Wageni walimsifu kwenye karatasi za maoni kama zamani. Ila mimi niliyekuwa upande wa pili wa redio nilisikia tofauti. Zamani akimpata chui sauti ilipanda kidogo. Sasa alitaja mahali na saa, basi.

Mwezi Agosti mwaka huo aliingia ofisini akiwa amevaa koti, ambalo si kawaida yake, akaomba kumwona meneja. Alitaka gari moja, Jumamosi moja kila mwezi katika miezi ambayo wageni ni wachache, ili awapeleke mbugani kina mama wa soko la Bondeni. Ataendesha yeye mwenyewe, siku yake ya ofu. Bwana Kiprotich alimwuliza ni kwa nini kina mama wa soko. Mzee alisema kwamba wao hawana Jumamosi, kwa hiyo lazima mtu awatafutie. Meneja akakubali.

Safari ya kwanza ilikuwa Septemba. Walikuwa kina mama saba na Chepkemei akiwa mmoja wao, wamevaa kama wanaokwenda harusini, na simu zao mkononi. Mzee aliwatendea kama alivyomtendea Travis. Aliwaegesha jua likiwa nyuma yao, akawapa mifuko ya maharagwe waegemeze simu, akawaonyesha namna ya kuzima mlio. Walimkuta simba jike amelala mtini, miguu minne ikining'inia, na mama mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo analala kama mume wake. Gari zima lilitikisika kwa kicheko walichokibana. Chui hawakumpata. Mwezi uliofuata hawakumpata pia.

Kisha ikaja korona, mbuga ikanyamaza, na sote tukakaa nyumbani. Ziwa nalo lilipanda, likafunika lango kuu la zamani na barabara kadhaa ambazo Mzee alizijua kwa kichwa. Migunga ya ufukweni ilikauka imesimama ndani ya maji. Tuliporudi kazini ilibidi ajifunze mbuga upya akiwa na miaka hamsini na sita. Alijifunza. Na Jumamosi za Bondeni zilianza tena, zikaongezewa za Lanet.

Chui alipatikana Machi 2022. Hakuwa yule wa sikio lililochanika. Huyo hakuonekana tena baada ya mwaka 2019. Huyu alikuwa jike kijana, na madereva wengi wanaamini ni mmoja wa wale watoto wawili, ingawa hakuna awezaye kuapa. Alitoka kichakani akavuka barabara polepole, akakaa chini hatua chache kutoka gari namba saba. Siku hiyo nami nilikuwa ndani ya gari. Ilikuwa ofu yangu, na Mzee alikuwa amenialika bila kueleza kwa nini. Kina mama walinyanyua simu zao. Chepkemei, aliyekuwa kiti cha mbele, hakunyanyua yake. Chui akageuza kichwa akamtazama, na tukamwona akipepesa macho, mara moja, kisha tena.

Chepkemei aliuliza bila kugeuka, "Huyu ndiye Mama Kabiru alikuwa anangoja?"

"Ndiye," Mzee akasema.

Kisha akashika ufunguo akauzungusha kuzima injini. Injini ilikuwa imezimwa zamani. Hakuna aliyemwambia.

Tangu hapo hadi leo amewapeleka mbugani watu mia tatu na zaidi wa Bondeni na Lanet: wauza mboga, mafundi cherehani, bibi mmoja wa miaka themanini na minne aliyekuja na mto wake wa kukalia. Amewafundisha kazi madereva sita wanaoendesha kwetu sasa, na Kipngetich, atakayekabidhiwa gari namba saba, ni mwanafunzi wake. Hajawahi kupata ajali mbugani. Hajawahi kutoka barabarani kumfuata mnyama. Nilipomwuliza ana picha ngapi za chui alizopiga mwenyewe katika miaka yote hiyo, alifikiri kwanza, akasema hana. Kila mara mikono ilikuwa kwenye usukani.

Bwana Kiprotich aliponipa kazi ya kuandika makala haya, nilijua siwezi kuyaandika kabla ya kusema jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa miaka sita. Nilimkuta uani akiosha gari. Nilimwambia, "Mzee, ile Jumamosi ni mimi nilikupigia."

Alifunga mfereji. Akakausha mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ni mimi nilisema sawa," akanijibu.

Akaniambia kwamba hakunialika ile siku ya Machi kwa bahati. Alitaka nimwone chui pamoja na kina mama, kwa sababu alijua nimebeba mzigo wa ile simu. Akaniambia pia kwamba kwa muda mrefu alimkasirikia yule chui kwa kujionyesha siku ile kati ya siku zote. Sasa hamkasirikii. Lakini anapopita barabara ya Makalia asubuhi, alisema, na jua likiwa pale linapotakiwa kuwa, bado anasogeza gari kidogo kulia ili mtu wa kiti cha kushoto aone vizuri, hata kama kiti kile hakina mtu. Kisha akafungua mfereji akaendelea kuosha.

Kuanzia Agosti Mzee Jamleck atakuwa Bahati, kwenye shamba la wazazi wake, pamoja na mwanawe Kabiru na mjukuu wake Natalie, ambaye ana miaka mitano na tayari anakoroma kama tumbili aliyemwona chui. Amesema atapanda viazi. Amesema pia hataki hotuba, kwa hiyo tutakuwa na chai tu, ukumbini, saa nane mchana siku hiyo ya Alhamisi, na wote mnakaribishwa. Kina mama wa Bondeni wametuarifu kwamba watafunga vibanda.

Mzee wetu, asante kwa miaka hii. Asante kwa kutufundisha kuzima injini. Ijumaa saa kumi na moja na nusu asubuhi nitafungua redio kama kawaida na kuita magari kwa namba zao, na nikifika saba nitajibiwa na sauti nyingine. Itanichukua muda kuizoea, na sina haraka. Wewe nenda upumzike. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha juu ya viazi vyako, na asubuhi nyingi za kulala hadi jua liingie dirishani.

Jelagat Kosgei
Ofisi ya Redio